Mstari Nilioongeza kwa Mkono Wangu

Wifi yangu Treva Lambright alikuwa na miaka hamsini na mmoja, hajaolewa, na hakuwa na shida na hilo. Shida tulikuwa nayo sisi. Kila msimu wa harusi wanawake walimkalisha karibu na mgane fulani wa Topeka au wa Shipshewana, naye alikula viazi vyake, akamuuliza mgane habari za ng'ombe, kisha akapanda baiskeli yake akarudi kwake. Kwake. Sidhani kama kuna neno alilolipenda kuliko hilo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kwenye njia panda, maili moja na nusu kutoka kwetu, na aliinunua kwa kusugua sakafu za Waingereza.

Waingereza kwetu ni watu wote wasio wa kanisa letu, wenye magari na umeme. Hata Ramón, fundi bomba aliyezaliwa Meksiko, ni Mwingereza, na siku hizi amechoka kubisha. Treva alikuwa na nyumba tano za Waingereza kwa wiki, moja kila siku, na zote alizifikia kwa baiskeli, kigari cha ndoo na mafagio kikimfuata nyuma. Mvua, theluji, upepo wa Machi unaokata masikio, yeye yuko barabarani. Mume wangu Verlin, kaka yake, alikuwa akisema, "Dada yangu kaolewa na baiskeli. Angalau haikoromi."

Mimi na Treva tunapendana, lakini kwa umbali wa maili moja na nusu. Jikoni mwangu hatumalizi saa nzima kabla mmoja hajamwonyesha mwenzake namna bora ya kusuuza sufuria. Nakiri mapema ili nisije nikaonekana mwema: sikutaka aje kuishi kwangu, naye hakutaka kuja. Ni jambo moja tulilokubaliana tangu nilipoolewa kwao.

Asubuhi ile ya Novemba alipita kwangu kabla ya mapambazuko kuchukua tambi nilizomkatia Bi Carol, tajiri wake wa Jumanne. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba.

"Wifi, kaa kwanza kupambazuke," nilimwambia. "Huoni ukungu?"

"Nikikaa nitafika kwa Bi Carol saa ya chakula. Taa ninayo."

"Taa yenyewe kama kibiriti."

"Ni mpya hii. Verlin kanitilia betri juzi. Hebu ona." Akaniwashia usoni, nikaona nyota.

"Haya, nenda. Mkaidi hafaidi."

"Hafaidi mpaka siku ya kaburi, najua. Bado mapema." Akaondoka.

Nilisimama dirishani nikiosha vyombo, nikaiona ile taa ikishuka barabara ya kaunti, nyeupe, mpaka ilipopita daraja. Ilikuwa inawaka vizuri. Niliiona kwa macho yangu mawili. Sikuwa nimemaliza sahani niliposikia king'ora.

Aliyemgonga alikuwa kijana anayeitwa Kurt, kazi yake kuvuta nyumba za magurudumu kutoka kiwandani kupeleka kwa wauzaji. Kioo cha pembeni cha pikapu yake kilimpata Treva begani, naye akarushwa mtaroni. Nyonga ya kushoto ilivunjika mahali pawili, na kifundo cha mkono wa kulia. Miwani ilipotelea kwenye nyasi. Taa ilisagwa na tairi, na askari akaandika kwenye ripoti kwamba haikujulikana kama ilikuwa ikiwaka. Kurt mwenyewe alisema hakuona taa wala mtu. Sidhani alidanganya. Mtu anayetazama simu yake haoni hata mlima, na hapa kwetu milima hatuna.

Alikaa kwenye korido ya hospitali tangu asubuhi hadi jioni, analia kama mtoto. Verlin alikaa naye, akampa nusu ya mkate wake wenye nyama. Verlin hana maneno mengi, na Kurt hakuwa na pumzi.

Siku ya tatu Treva akaniita kitandani. Nilijua anachotaka. Kwetu mtu akigongwa, barua ya msamaha hutoka kabla jeraha halijakauka. Hatungoji tujue nani alikosa. Na anayesamehe hujishusha. Huwezi kumwambia mtu nimekusamehe nawe umesimama juu yake kama hakimu, kwa hiyo unatafuta kakosa kako, hata kadogo, unakaweka ndani ya barua ili mwenzako asibebe mzigo peke yake. Mama yangu aliandika barua mbili za namna hiyo maishani mwake, na katika zote mbili farasi wetu alitoka ndiye mkosaji.

Treva mkono ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo kalamu nilishika mimi.

"Mwandikie kwamba simlaumu," alisema. "Kwamba nimemsamehe, na alale usingizi. Basi."

"Basi tu?"

"Basi. Nimechoka, wifi."

Dawa zikamchukua akasinzia. Nikaitazama barua. Mistari mitatu. Niliona ni barua ya mtu bahili. Nikafikiri Kurt ataisoma aone tumemtupia msamaha kama mtu anavyomtupia kuku punje. Nikaongeza mstari wa nne: "Tena taa yetu huenda haikuwa ikiwaka vizuri asubuhi ile." Nusu ilikuwa adabu tuliyofunzwa. Nusu ilikuwa uwifi. Nilimwambia asubiri kupambazuke, hakunisikia, na sasa nilikuwa nakwenda hospitali kila siku kwa gari la kukodi huku kazi zangu zimelala. Nilitaka mahali fulani, hata kwa mtu nisiyemjua, iandikwe kwamba mimi nilionya.

Alipoamka nilimwekea kidole mahali pa kutia sahihi. Alitia kwa mkono wa kushoto, bila miwani. Hakuniuliza nimeandika nini na nini, maana aliniamini.

Mfuko wa kanisa ulilipa upasuaji wa kwanza. Bima hatuna, tunabebana. Lakini mwaka ule mfuko ulikuwa umebeba pia mapacha waliozaliwa kabla ya wakati, miezi miwili hospitalini Fort Wayne, na Januari daktari aliposema mfupa wa Treva haukuunga sawa, kwamba anahitaji nyonga mpya, mfuko ulikuwa umekauka. Daktari hakupamba maneno. Akifanyiwa kabla ya majira ya kuchipua, kiangazi atapanda baiskeli. Akicheleweshwa, msuli utakauka na mguu utabaki hivyo. Bila nyonga hiyo hakuna baiskeli, hakuna ngazi, hakuna kupiga magoti kusugua sakafu ya mtu.

Wakati huo Treva alikuwa kwetu, kwenye chumba changu cha kushonea, kitanda kikiwa kimebanwa kati ya cherehani na kabati la vitambaa. Sote tulisema yupo kwa muda. Tulilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa akitoka na magongo yake kuja jikoni, anakaa kwenye kiti cha karibu na jiko, anatazama ninavyosuuza sufuria, na ananyamaza. Afadhali angesema.

Tumaini lilikuwa moja, bima ya Kurt. Na hapo ndipo penye kamba nyembamba. Sisi hatushtaki mtu. Katika kanisa letu sijapata kuona wala kusikia aliyesimama mahakamani kumdai mwenzake, na anayefanya hivyo anajua atatengwa, atakula meza ya peke yake. Lakini kile mtu anachokuletea mwenyewe mlangoni, unaruhusiwa kupokea. Kudai ni dhambi, kupokea si dhambi, na watu wa bima wa upande huu wanaijua tofauti hiyo kuliko mashemasi wetu.

Bi Carol hakuijua au hakutaka kuijua. Alikuja na keki na kadi ya wakili.

"Treva, huyu ni mtu wangu wa karibu. Kesi za waendesha baiskeli ndizo kazi yake. Hutoi hata senti mpaka ushinde."

"Nimshinde nani?"

"Kampuni ya bima, mpenzi."

"Jina gani litaandikwa juu, Bi Carol? La kampuni?"

Bi Carol akasita. "La Kurt. Lakini hilo ni la kwenye karatasi tu."

"Ni hapohapo kwenye karatasi ndipo siwezi."

"Basi utakaa hivi? Wewe? Nimekufahamu miaka kumi na minne, hujawahi kukaa hata kunywa kahawa ikaisha."

Treva akatazama magongo yake. "Wamesema watakuja wenyewe," alisema. "Tungoje."

Na kweli walikuwa wamepiga simu mwezi Januari, mtu anaitwa Pruitt, mwenye sauti ya upole, akasema kampuni itatazama hospitali na siku za kazi zilizopotea. Verlin aliporudi na habari hiyo kutoka kwenye kibanda cha simu tunachoshirikiana na majirani, maana nyumbani simu hatuweki, Treva alicheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Alimuuliza kama matairi ya baiskeli yana upepo.

Pruitt alikuja Februari, Jumatatu, na jalada la buluu. Mahlon Schrock, shemasi wetu, naye alikuwapo, maana mambo ya fedha za wagonjwa yanapita kwake. Pruitt alipangusa viatu mlangoni, akasifu nyumba, akakaa. Halafu akatoa karatasi nikaujua mwandiko wangu kutoka ng'ambo ya meza.

"Hii barua ilitugusa sana ofisini," alisema. "Kurt aliileta mwenyewe. Alikuwa akiiweka ndani ya gari lake. Anasema hajawahi kuandikiwa kitu kizuri namna hii."

"Tunafurahi amelala," alisema Verlin.

"Tatizo ni mstari huu wa nne, unaohusu taa." Akausoma kwa sauti. Ile "huenda" aliipita kama mtu anavyoruka dimbwi. "Sheria ya jimbo inasema kama sehemu kubwa ya kosa ni ya aliyeumia mwenyewe, hapati fidia yoyote. Baiskeli gizani, ukungu, bila taa. Mnaelewa. Lakini kampuni haitaki kufika huko. Kampuni inataka kuwa na utu."

Utu huo alikuwa ameuandika kwenye karatasi nyingine. Fedha iliyotajwa humo isingefika hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Akamsogezea Treva barua. "Hii sahihi ni yako?"

Treva alivaa miwani yake mipya, akaiinua barua kwenye mwanga wa dirisha. Niliyaona macho yake yakishuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, yakafika wa nne yakasimama. Yakarudi juu. Yakashuka tena. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa, na nilihisi uzito wake mpaka begani.

"Ni yangu," alisema.

"Una la kuongeza?"

Angeweza kusema. Lakini ukishalaumiwa, kwetu, hujitetei. Hilo tunalinywa pamoja na maziwa ya mama. Na ili ajitetee, ilibidi anitaje mimi, mbele ya shemasi, jikoni mwangu mwenyewe.

"Sina," alisema.

Mahlon aliitikia kwa kichwa taratibu, na niliona anamwonea fahari. Pruitt naye aliandika kitu. Hakuuliza kama taa iliwaka. Mtu aliyeisomea kazi yake hujua swali la kutouliza. Akaacha hati ya kumaliza madai yote, akasema hakuna haraka, atarudi Alhamisi.

Verlin alimsindikiza Mahlon hadi kwa farasi wake. Tukabaki wawili.

"Wifi," Treva akaniita.

"Abee."

"Hiyo ya taa ilitoka wapi?"

"Ni adabu tu. Barua ilikuwa fupi."

"Nilikumulika usoni asubuhi ile."

"Ulinimulika."

"Kwa hiyo uliiona."

"Niliiona mpaka darajani."

Akavua miwani, akaiweka mezani. Mimi nikasema, "Naweza kumwambia Pruitt."

"Unaweza."

"Unataka nimwambie?"

"Usiniulize hivyo. Nikisema nataka, nitakuwa nimedai." Akachukua magongo yake. "Hilo ni lako, wifi." Akaenda chumbani akafunga mlango, na mlango ule una komeo bovu, nikamsikia akiuegemeza kiti.

Nilikuwa na siku tatu. Mtu akikwambia siku tatu ni chache, mwambie akaniulize mimi. Kumwambia Pruitt ilikuwa ni kumwambia Mahlon, na kumwambia Mahlon ni kupiga magoti mbele ya watu themanini, niseme nimeandika uongo nikautilia sahihi ya mgonjwa. Miaka thelathini nimekaa kwenye benchi nikitazama wengine wakipiga magoti. Nilijua vizuri tunavyowatazama. Nilijua ninavyowatazama mimi.

Jumatano nilivaa mabuti nikaenda kwenye kibanda cha simu mwisho wa njia yetu, kadi ya Pruitt mfukoni. Sauti ya mwanamke ikaniambia nibonyeze moja kwa magari, mbili kwa nyumba, tatu kwa madai yaliyo wazi. Nikabonyeza tatu. Ukapigwa muziki. Kisha ikasema nieleze suala langu kwa ufupi.

"Mimi ni Orpha Lambright," nilisema. "Ni kuhusu taa."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Perry, jirani, ndevu zimeganda barafu. "Orpha, samahani, farasi wangu jike anazaa vibaya, namtaka daktari wa mifugo sasa hivi."

Nikakata simu nikampisha. Ningeweza kungoja dakika tano. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba mambo kama haya haiambiwi mashine, yanasemwa uso kwa uso, na kwamba kesho si mbali. Nikaoka pai la tufaha.

Alhamisi Pruitt akaja, akapangusa viatu, akakaa palepale. Treva alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hakunitazama hata mara moja, na sasa najua ni kwa sababu alikuwa akinipa nafasi. Pruitt akafungua kalamu. Nikasogea na birika.

"Bwana Pruitt," nilisema.

Akainua uso. "Naam, mama?"

Verlin akanitazama. Mahlon akanitazama. Treva peke yake aliinamia meza, vidole vyake vimetulia juu ya kitambaa.

"Unatia sukari?"

"Hapana, asante."

Treva akatia sahihi kwa mkono wa kulia, polepole, kwa sababu kifundo bado hakikuwa na nguvu. Jina lake lote, na herufi ya kati. Pruitt akala vipande viwili vya pai.

Mwezi wa Machi nyumba ya njia panda waliinunua vijana waliooana juzi. Vitu vya Treva vilikuja kwetu kwa safari mbili za gari la farasi. Nilimwachia rafu mbili jikoni. Alisema zinatosha.

Chakula changu kiliishia kwa kuku. Verlin alidhani naumwa. Jioni moja wakati wa kukamua nikamwambia yote, nikiwa nimeegemea ubavu wa ng'ombe ili nisimwone usoni. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa.

"Ulijua kabla hajatia sahihi, au ulikumbuka baadaye?"

"Kabla."

"Orpha." Miaka ishirini na tisa ya ndoa, hajawahi kulitaja jina langu namna ile.

Tulikodi gari tukaenda kwa Pruitt mjini. Alitusikiliza kwa heshima, mikono juu ya meza. "Mama, jalada limefungwa," alisema. "Hati aliyotia sahihi inamaliza yote, hata yale yatakayojulikana baadaye. Labda mahakamani wakili angeweza kuibishia." Akatutazama sisi, kofia ya Verlin, kilemba changu cheupe, na akaona hana haja ya kuendelea. Sikumwona mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kama sisi, na picha za watoto wake ukutani.

Toka pale tulikwenda kwa Mahlon. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ambayo kwetu hufanyika majumbani kwa zamu, watoto na wasiobatizwa walipotolewa nje, nikapiga magoti mbele ya kanisa nikasema niliyoyafanya, yote, pamoja na sukari. Sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Halafu nikatoka, kama ilivyo desturi, ili waulizwe mmoja mmoja kama wanakubali nisamehewe. Nilingoja kwenye chumba cha kufulia cha watu wenye nyumba, kati ya beseni na kamba ya nguo. Huwezi kusikia nani kasema nini. Unasikia tu miguu ya wazee ikipita kati ya mabenchi, ikisimama, ikiendelea. Nilijua Treva amekaa benchi la tatu, upande wa ukutani ambako anaweza kunyoosha mguu. Nilisikia miguu ikifika huko. Haikukawia.

Waliniita. Askofu akanipa mkono akaniinua, mkewe akanibusu. Kanisa zima kwa sauti moja, alisema. Hakuna hata mmoja aliyekataa.

Kwetu kosa likishaungamwa na kusamehewa halitajwi tena. Anayelitaja ndiye mkosaji, na mimi kwa kuyaandika haya nakosa upya. Zamani niliiona desturi hiyo kuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Wanawake walinikumbatia wakati wa chakula, wakanipa kazi ya kukata mikate kama kawaida, na hakuna aliyenitazama vibaya. Nimefutiwa. Ninachojua ni kwamba wamenifutia mimi, na mguu wa Treva uko vilevile.

Daktari alimwona tena mwezi wa Agosti. Mfuko wa kanisa ulikuwa umeanza kujaa na Mahlon alikuwa tayari. Daktari akasema sasa wangefanya kwa ajili ya maumivu tu, kutembea vizuri hawezi kuahidi, na kuhusu baiskeli asiulizwe. Treva akamwambia Mahlon fedha hizo wapewe wengine.

Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu nagonga mlango wa chumba cha kushonea. Nyonga haimruhusu kuinama kufikia miguu yake, kwa hiyo anakaa ukingoni mwa kitanda nami napiga magoti sakafuni, namvalisha soksi, mguu mbaya kwanza. Ana miguu ya mtu aliyeendesha baiskeli maisha yake yote, na misuli ya ule wa kushoto inapungua, naiona ikipungua wiki hadi wiki. Nikimaliza anasema, "Asante, wifi." Halafu naenda kuwasha jiko.

Jana sikuinuka. Nilibaki pale na soksi ya pili mkononi.

"Treva, sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitukane."

"Yamesamehewa, wifi."

"Najua yamesamehewa. Nitukane hivyohivyo. Hakuna anayesikia."

Alinitazama kutoka juu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua niliona usoni mwake hasira yote, nzima, haijapungua hata kidogo.

"Hairuhusiwi," alisema, na akaninyooshea mguu wa pili.